Mlango wa Ndani Unapakwa kwa Ajili ya Nani?

Kila mwaka mvua zikikatika, hapa Dzaleka watu wanaanza kukandika. Wanachimba udongo, wanaukanyaga na maji, wanaziba nyufa zilizoachwa na mvua ya Januari. Hapo hakuna anayemuuliza jirani yake kwa nini. Ukuta wa tofali bichi usiokandikwa unaanguka, basi. Kuweka plastiki chini ya nyasi za paa, vilevile, hakuna maswali. Maswali yanaanza siku mtu anapoonekana na kopo la rangi. Eti rangi ya nini? Wewe si unangoja safari? Hii nyumba ni yako?

Kama rangi ni ya ukuta wa nje, watu wanaweza kuelewa, labda mtu anafungua kinyozi au kibanda cha kuchaji simu. Lakini rangi ya mlango wa chumba cha ndani, ambao hata mgeni hauoni? Hapo utaambiwa una wazimu au una pesa, na hapa kambini sijui lipi ni baya zaidi.

Nataka kulichukua swali hili kwa uzito. Mtu ambaye hajui kesho atakuwa wapi ana haki gani juu ya mahali alipo leo? Tena ana wajibu gani, na kwa nani? Nitalipitia kwenye milango, si kwa sababu milango ni mfano mzuri, ila kwa sababu ndiyo niliyoishika kwa mikono.

Mwaka 2022, wakati wengi wetu bado tulikuwa tunaingia na kutoka mjini kutafuta, nilikuwa nafanya ganyu Lilongwe na fundi rangi mmoja Mmalawi. Kutoka hapa mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 40, na nauli peke yake inaweza kumeza nusu ya unachopata, kwa hiyo nilikuwa nalala huko wiki nzima. Tulipata kazi katika nyumba ya ghorofa upande wa Area 47. Chini palikuwa pameshapendeza: sebule, picha ukutani, mapazia mazito. Sisi tulipelekwa juu.

Juu palikuwa na korido tu. Ngazi inakufikisha kwenye korido ndefu isiyo na dirisha, taa moja katikati, na milango mitano: vyumba vitatu, bafu, na stoo. Kuta zilikuwa nyeupe, ule weupe wa miaka mingi unaoelekea njano. Milango ilikuwa ya mbao za paina, ile ya paneli, iliyopigwa vanishi zamani mpaka imekuwa rangi ya chai iliyolala. Hakukuwa na kitu kibaya pale. Ni kwamba hakukuwa na kitu kabisa. Ulikuwa unapita kama unavyopita ofisini kwa watu.

Nilimuuliza fundi kwa nini tusipake kuta tu tumalize. Akanionyesha kwa kidole: toa milango, kuta inabaki ngapi? Na kweli. Korido ya namna ile, ukihesabu, nusu yake ni milango. Ukipaka kuta ukaacha milango, umepaka mabaki.

Kazi ya mlango ni ya subira kuliko ya ukuta, na watu wengi wanaiharibu kwa haraka. Tulitoa vitasa vyote kwanza, kila skrubu ikaingia kwenye kikombe chake ili mlango upate kitasa chake tena. Tukaosha kwa maji ya sabuni, maana karibu na kitasa mikono ya watu huacha mafuta na rangi haishiki juu ya mafuta. Halafu msasa. Hausugui mpaka mbao iwe uchi, unasugua mpaka mng'ao wa vanishi ufe. Paina ina mafundo, na fundo la paina lina utomvu ambao haufi. Usipoliziba kwanza, baada ya miezi michache utaona duara la njano linatokea katikati ya rangi yako kama jicho. Kisha rangi ya kwanza, ile ya kushika mbao. Kisha rangi yenyewe, mara mbili, nyembamba. Unaanza na paneli za ndani, unakuja kwenye mbao za kulala, unamaliza na zile za kusimama, ukifuata mbao inavyokwenda. Rangi ya mafuta ukiipaka nzito ili umalize mara moja, inatiririka, na yale machozi yakikauka hayafutiki. Na mlango haufungwi mpaka ukauke kabisa, la sivyo unashikana na fremu na siku ya kuufungua unabandua kazi yako yote.

Mwenye nyumba alichagua kijani kilichokolea, kama jani la mwembe lililokomaa. Milango yote mitano rangi moja, hata wa stoo. Fremu nyeupe, kuta tukazirudia nyeupe safi. Sikuwa nimetegemea kitu. Lakini siku ya tano tuliporudisha vitasa na kuwasha ile taa moja, korido ilikuwa imepata mpangilio, kama watu watano waliokuwa wamekaa ovyo wameitwa wakasimama mstari. Urefu wake haukukuchosha tena. Fundi, ambaye huwa hasifu, alisema tu, "Chabwino," akashuka kuosha brashi.

Sasa, jambo lililonifanya niandike ni maneno ya yule madamu. Fundi alimtania kwamba ametumia pesa nyingi mahali ambapo wageni hawafiki. Akajibu bila hata kugeuka: "Wageni wanaishia chini. Huku juu ndipo tunapoamka." Halafu nikajifunza jambo la pili. Kabla ya kugusa milango, fundi ilibidi asubiri siku mbili, kwa sababu madamu alikuwa anaomba ruhusa. Kumbe nyumba haikuwa yake. Alikuwa mpangaji, na mwenyewe alikuwa Blantyre. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

Fikirieni hapo. Mwanamke ambaye nyumba si yake, ambaye anaweza kuambiwa ahame mwaka kesho, anapaka milango mitano ya ndani ambayo hakuna mgeni atakayeiona, na hakuna hata mtu mmoja Lilongwe nzima anayemuuliza kama ni halali. Anaamka pale, basi. Sababu imetosha. Nilirudi kambini nimebeba ile sababu kichwani, nikawa najiuliza kwa nini kwetu haitoshi.

Nilimpelekea Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Fizi, ambaye tunabishana naye karibu kila jioni. Nilikuwa na kopo mkononi, maana madamu alimpa fundi rangi iliyobaki, na fundi akanigawia karibu robo ya kopo. Mzee aliliangalia lile kopo kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua.

"Sasa hiyo utapaka wapi?"

"Mlango wa chumba cha watoto, Mzee."

"Juu ya nini? Siku banakuita jina, utabeba ule mulango?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia habari ya nyumba yake, ambayo nilikuwa nimeshaisikia vipande vipande, ila siku hiyo aliitoa yote. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, milango sita ya libuyu, mbao ngumu ambayo seremala alimchaji mara mbili kwa sababu ilimmalizia misumeno. Vita vilipokaribia, wenye nyumba za miti na udongo waliondoka siku ya kwanza. Yeye alibaki siku nne. "Minaangalia mulango, minasema, nitaachaje hii?" Siku ya nne ndiyo aliyopoteza alichopoteza. Sitakiandika hapa, ni chake. Akamaliza: "Mwanangu, mi sikatazi rangi. Minakatazia moyo."

Mtu akikuambia hivyo, huwezi kumjibu na maneno ya madamu wa Area 47. Hoja ya Mzee ni nzito kuliko zile za "nyumba si yako". Anasema kwamba kupamba ni kufunga kamba, na kamba inavuta mguu siku ya kukimbia. Kwa mkimbizi, kupenda mahali kunaweza kuwa kosa la kuua. Nimelifikiria hilo muda mrefu, na bado naona lina ukweli. Lakini naona pia kwamba milango yake ya libuyu ilimshika kwa sababu ilikuwa mali. Ingeweza kuuzwa, kuibiwa, kurithiwa. Mlango wangu ni wa mbao za masanduku ya mizigo, zilizounganishwa na seremala wa hapa Likuni. Hakuna atakayeuiba. Ukiupaka rangi unabaki vilevile na bei yake, yaani sifuri. Ninachokitia pale hakirudi kwangu kama mali, na siamini kama kinaweza kunizuia nisikimbie. Kama kuna kamba, ni ya uzi.

Halafu kuna jambo la muda. Mzee anahesabu kama msafiri: tuko njiani. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa tumezidi 50,000. Kuna watu waliozaliwa hapa ambao tayari wana watoto wao. Kwa Mzee, hapa ni kituo kati ya Fizi na nchi ya tatu. Kwa binti yangu, ambaye hajaona Fizi wala nchi ya tatu, hapa ndipo pa kwanza. Nikimwambia tusipambe kwa sababu tunapita, namhesabia kwa kalenda ya mtu mwingine. Mimi nina haki ya kuamua kwamba maisha yangu yamesimama. Sina haki ya kuamua hivyo kwa mtoto wa miaka sita ambaye wake ndiyo yanaanza.

Mwaka uliofuata Mzee alipata nguvu mpya. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi wote waliokuwa wanaishi mijini na vijijini warudi kambini kabla ya katikati ya Aprili, na Mei watu wakaanza kuletwa. Tuliwaona wakifika. Watu waliokuwa na maduka, waliokuwa na nyumba zilizopendeza, wanashuka na magodoro na masufuria. Mzee akaniangalia tu, bila neno. Ila mimi niliona kitu kingine pia: gari moja lililobeba milango mitatu, imefungwa pamoja kwa kamba ya mpira, mmoja wa bluu. Kwa hiyo lile swali lake la kama utabeba mlango, kuna waliolijibu. Sisemi kwamba wako sahihi kuliko yeye. Nasema tu kwamba mtu anaweza kung'olewa na bado akajua mlango wake ni upi.

Kuna hoja ya pili, na hii haisemwi kwa sauti. Inasema: ukionekana umependeza, utasemwa huna shida. Watu wa mashirika wanapita, wanapiga picha, wanajaza fomu. Nyumba yenye rangi inaharibu ushahidi. Tumejifunza, nadhani bila kufundishwa na mtu, kwamba umaskini wetu ni lazima uonekane vizuri. Mimi hii naichukia kuliko zote, lakini siwalaumu wanaoishika, kwa sababu si ujinga. Mtu anayeishi kwa kuaminiwa na wengine anajifunza kuvaa kile kinachoaminika.

Ila ndiyo maana mlango wa ndani unanivutia. Ukuta wa nje unasema na njia. Kila unachoweka pale ni maneno kwa wengine: nina duka, nina shida, nina imani fulani, nihurumie. Mlango wa ndani hauombi chochote. Hakuna mfadhili anayeuona wala jirani wa kumwonea wivu mtu. Ni sehemu moja ya maisha yetu ambayo haijaitwa kutoa ushahidi.

Wazee wa pwani walilijua hili bila kuwa wakimbizi. Watu wakisikia milango ya Waswahili wanafikiria ile ya Zanzibar iliyochongwa, yenye misumari ya shaba, inayotazama njia ili kila apitaye ajue tajiri anakaa hapa. Sawa. Lakini nendeni Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18. Nje ni ukuta mtupu. Unapita daka, unaingia kiwanda, unapita misana, na kadiri unavyoingia ndivyo mapambo yanavyoongezeka, mpaka ufike ndani kabisa ambako ukuta mzima umejaa zidaka za chokaa zilizonakshiwa, za kuwekea vyombo. Kazi nzito kuliko zote ya fundi iliwekwa mahali ambapo mpita njia hatafika. Na jirani zetu wa Rwanda wana imigongo, ile michoro ya kinyesi cha ng'ombe yenye mistari iliyoinuka, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi yao yanasema ilianzia Gisaka, kwa Kakira mwana wa mfalme Kimenyi, aliyepamba kuta za ndani za nyumba yake. Baada ya 1994 akina mama wa sehemu zile waliifufua. Nafikiria hilo mara nyingi. Nchi imemwagika damu, na mtu anachanganya jivu na kinyesi, anapiga mstari ulionyooka ukutani.

Limebaki swali la unga, na hili silikwepi. Mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Novemba 2023 kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, rangi ya dukani ikawa kitu cha kuangalia na kuondoka. Je, ni halali kununua rangi wakati sufuria ni tupu? Kwangu mimi, hapana, si halali, na sihitaji falsafa kwa hilo. Baba anayenunua kopo watoto hawajala anapamba mlango wa njaa. Lakini nimegundua kwamba wanaouliza swali la unga hawaulizi kwa pombe, wala kwa vocha za simu, wala kwa jezi ya timu ya Uingereza. Wanauliza kwa rangi tu. Nadhani ni kwa sababu pombe inasahaulisha mahali na rangi inapakumbusha. Na rangi yangu, kwa bahati, haikununuliwa. Ilikuwa robo ya kopo, na rangi ya mafuta ikishafunguliwa haikungojei: utando unaanza juu, unashuka chini, mwisho una jiwe. Nisingeweza kuigeuza unga hata kama ningetaka. Niliwahi kujaribu kuiuza sokoni, mtu akanitajia bei ya nyanya tatu.

Kwa hiyo tuliipaka. Nilisugua kwa msasa niliobakisha, nikaziba matundu ya misumari kwa puti kidogo. Mbao zile zilikuwa na maandishi ya mizigo, herufi za kiwandani ambazo sikuzifuta zote. Hapo ndipo ubishi wa mwisho ulipotokea, na ulikuwa kati yangu na mke wangu. Kwa mbao kavu zinazonywa namna ile, robo ya kopo inatosha upande mmoja tu, mara mbili. Upande upi? Mimi nilisema upande wa sebuleni, kwa sababu ndiko tunakokaa mchana, na ndiko hata Mzee angeuona na kunyamaza. Mke wangu alisema, "Watoto wanalala kichwa kikiangalia wapi?" Wanalala wakiangalia mlango. Chumba kina kidirisha kimoja cha ukubwa wa daftari, kwa upande wa mashariki, na asubuhi mwanga unapoingia unaangukia pale pale.

Tukapaka upande wa watoto. Ilichukua siku tatu, kwa sababu nilingoja kila mkono ukauke, na usiku tulilala mlango uko wazi. Binti yangu aliuliza kwa nini hauruhusiwi kufungwa, nikamweleza habari ya kushikana na fremu. Akakaa akiulinda.

Mzee bado anakuja jioni. Anakaa kwenye kiti chake sebuleni, mgongo ukutani, na kutoka pale anaona mbao tupu na herufi za mizigo.